Njia ndefu ya baskeli si barabara mpya: vibao, ramani na tangazo, kipi kinaanza?

Kila likizuka suala la njia ya baskeli ya kuzunguka Unguja, au ile ya kuikata Pemba kutoka Mkoani mpaka Ras Kigomasha, magrupu ya WhatsApp yanawaka moto. Mmoja anauliza mashamba ya nani yatakatwa safari hii. Mwengine anasema pesa hizo si bora zikajaze mashimo ya shehia yetu kwanza. Wa tatu ana nyumba ya wageni, yeye anataka ramani ichapishwe wiki ijayo na picha ya mzungu mwenye helmeti iwe juu. Na hakosi yule anayesema kisiwa chenyewe hiki kidogo, hiyo njia ndefu itapita wapi. Ukiwasoma kwa utulivu utaona hawa wanne hawagombani hata kidogo, kila mmoja anaongelea kitu chake, ndo mana hawamalizi.

Basi tuanze na njia yenyewe ni kitu gani.

Mtu akikwambia panda daladala ya 309 unajua unakwenda Jambiani. Lakini 309 haina lami yake. Gari zake zinapita barabara ile ile ya Tunguu na Jozani ambayo 324 ya Bwejuu nayo inapita, zinafuatana hivo hivo mpaka Paje, hapo ndo zinaachana, moja kulia moja kushoto. Hakuna mkandarasi aliyekuja akajenga barabara ikaitwa 309. Kuna mtu alichagua mapito kwenye barabara zilizopo, mapito yakapewa namba, namba ikaandikwa kwenye gari, watu wakaizoea, imekwisha. Njia ya baskeli ya masafa marefu ni hivo hivo, tofauti ni kwamba baskeli ni yako mwenyewe na hakuna konda wa kukupigia kelele kwamba umefika, kwa hiyo namba badala ya kukaa kwenye gari inabidi ikae barabarani.

Na namba zetu zina akili yake, tena watu wanazitumia kila siku bila kuzifikiria. Za mia moja zinakwenda kaskazini, 116 Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe. Za mia tatu kusini. Za mia tano ni za mjini na pembezoni mwake. Waswisi kwenye baskeli wamefanya kitu cha namna hiyo hiyo, njia ya taifa inapewa tarakimu moja, ya mkoa tarakimu mbili, ya mtaani tatu, kwa hiyo mtu akikiona kibao chekundu chenye tarakimu moja anajua hii ni ile inayokata nchi, hana haja ya kumuuliza mtu. Yaani hili ambalo wageni wanalifanyia mikutano sisi kila mtoto wa skuli anayepanda gari analijua.

Sasa watu wanachanganya njia ya namna hii na ule mstari wa pembeni wa baskeli unaojengwa kando ya barabara. Huo mstari ni ujenzi, una saruji na mkandarasi na kweli unaweza ukagusa uwanja wa mtu. Njia ni taarifa. Inaweza kupita kwenye mstari uliojengwa ukiwepo, usipokuwepo inapita barabara ya kijiji, ikikosa kabisa inapita barabara kuu kipande kifupi halafu inatoka. EuroVelo, yaani njia ndefu za baskeli za Ulaya, ziko 17, zinapita nchi kadha wa kadha, namba 6 inatoka pwani ya Atlantiki kule Ufaransa ikifuata mito mpaka inamwaga watu Bahari Nyeusi upande wa Romania, lakini sehemu kubwa ya njia hizo haikujengwa kwa ajili ya EuroVelo, ni vipande vya njia za kitaifa na za mikoa vilivyokuwepo, vikaunganishwa chini ya namba moja.

Marekani ni mfano mzuri zaidi kwa sababu wamevitenganisha vitu ambavyo sisi tunavichanganya. Mwaka 1976 watu zaidi ya 4,000 walipanda baskeli kwenye mapito yaliyoitwa TransAmerica, kutoka Astoria upande wa Oregon mpaka Yorktown kule Virginia, kilomita kama 6,800. Njia hiyo iliendeshwa kwa ramani za karatasi, hukuwa na mlolongo wa vibao wa kukushika mkono kutoka bahari mpaka bahari, na mpaka leo watu wanaifuata kwa ramani. Baadae ukaja mfumo wa njia za baskeli za taifa, jimbo linapendekeza, chama cha maofisa wa barabara wa majimbo kinachoitwa AASHTO kinakubali, njia inapata namba. Na hata ikishapata namba jimbo halilazimishwi kuweka vibao. Kwa hiyo njia inaweza kuwa na ramani bila vibao, inaweza kuwa na namba rasmi bila ramani nzuri, na, balaa hili sasa, inaweza kuwa na matangazo bila chochote.

Kuhusu udogo wa kisiwa sitakaa sana. Unguja ina urefu wa kilomita kama 85, Pemba kama 67, lakini hizo ni za kunguru anayeruka moja kwa moja. Mjini mpaka Nungwi tu ni kama kilomita 60 za barabara, na mtu mwenye mzigo kwenye karia, na jua letu hili, akienda kilomita 15 kwa saa amejitahidi. Unashuka pwani ya mashariki Matemwe, Kiwengwa, Pongwe, Uroa, unafika Chwaka, halafu unakutana na ghuba. Michamvi unaiona kule ng'ambo, karibu kabisa, lakini kwa barabara inabidi uingie ndani ya kisiwa ulizunguke ghuba lote. Ukija kuumaliza mzunguko umelala njiani zaidi ya mara moja. Urefu wa njia unapimwa kwa kulala, si kwa ukubwa wa nchi. Na Pemba ina vilima, wenyeji wa huko wanajua miguu yao inavyowauma, ukitoka Mkoani kwenda Chake huendi kilomita 30 za Unguja, unakwenda kilomita 30 za Pemba.

Ramani

Hapa ndo penye kazi na ndo panaporukwa. Watu wanadhani kutengeneza ramani ya njia ni kuvuta mstari kwenye simu ukiwa umekaa barazani na kahawa yako. Mstari huo kwa gari unatosha, kwa baskeli hautoshi, mana baskeli inavisikia vitu ambavyo gari halivisikii. Mchanga laini wa kuingia vidole tu unaizamisha tairi nyembamba. Kifusi kilichomwagwa juzi hakijashindiliwa, mtu anashuka anasukuma. Kilima ambacho dereva anabadilisha gia moja tu kwa mpanda baskeli ni dakika ishirini za kuhema.

Kwa hiyo lazima mtu aipite njia nzima kwa baskeli, asije na Noah akasema ameikagua. Simu iko mfukoni inarekodi mapito, na yeye kila mahali anaandika: hapa lami, hapa kifusi, hapa mchanga, hapa pana kivuli cha miembe, hapa jua tupu mpaka kijiji kinachofuata, msikiti huu una bomba la nje, duka hili lina maji ya chupa. Na fundi. Fundi wa baskeli lazima awemo kwenye ramani, anakaa chini ya mti gani, siku gani hayupo, na ana vitu gani kwenye boksi lake. Nalisema hili kwa sababu mafundi wetu wengi wanakuwa na chubu na spoku za Phoenix na za baskeli za watoto, mgeni anakuja na baskeli ambayo chubu yake ina mdomo mwembamba, pampu ya fundi imezoea mdomo mnene, haishiki. Fundi ni hodari, viraka anavyo, sulisheni anayo, tundu ameliziba vizuri kabisa, upepo ndo hauingii. Kiunganishi kidogo cha chuma cha kuvisha kwenye mdomo wa chubu kinamaliza tatizo, lakini lazima mtu awe ameligundua kabla, na hulioni mpaka uende ukaangalie boksi.

Mapito yaliyorekodiwa yanahifadhiwa kwenye faili linaloitwa GPX, usitishike na jina, ni orodha ndefu ya nukta tu, kila nukta ina mahali pake duniani, simu ya mtu mwengine ikizifuata moja baada ya moja inampeleka alipopita wa kwanza. Faili hilo unaweza kumtumia mtu kwa WhatsApp. Lakini faili ni la huyo aliyetumiwa tu, ukitaka kila mtu alione unaliingiza kwenye ramani ya wote, na hapo ndo inakuja OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na programu kama Organic Maps na OsmAnd zinaitumia hata simu ikiwa haina bando. Angalia inavyozihifadhi njia za baskeli: haichori barabara mpya. Inachukua vipande vya barabara ambavyo tayari vimo, inavifunga kwenye fungu moja lenye jina na namba. Kipande kile kile kinaweza kuwemo kwenye mafungu matatu bila kugombana. Ni 309 na 324 tena.

Na sisi hatuanzi sifuri. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi na vijana wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, walirusha droni juu ya Unguja na Pemba, kwenye kazi iliyoitwa Zanzibar Mapping Initiative, Benki ya Dunia ikiwa nyuma yake, zikapatikana picha za kutoka juu ambazo nyumba moja moja inaonekana. Kwa mtu anayetafuta njia za vijijini za kukwepa barabara kuu picha hizo ni hazina. Ila droni haioni chini ya mwembe, na haikwambii kile kijinjia cheupe kinachopendeza kutoka juu ni mawe ya matumbawe yatakayokukatia tairi. Ndo mana nasema mtu apite.

Halafu kuna vitu vya kwetu ambavyo muongozo wa nje hautakufundisha. Pwani ya Jambiani mpaka Bwejuu maji yakipwa mchanga unakuwa mgumu, watu wanapita na baskeli zao raha mustarehe, akina mama wa mwani wanakwenda na kurudi, gari hamna. Maji yakijaa, hasa bamvua, njia hiyo haipo. Kwenye ramani inaweza kuwekwa kama chaguo, pembeni yake pakaandikwa wazi kwamba ni ya maji kupwa na mtu aulize wavuvi kabla hajashuka, lakini kibao usikitie pale hata siku moja, mana kibao hakijui saa ya maji. Pemba nako msimu wa karafuu majamvi yanatandikwa kando ya barabara, na pengine yanaingia kwenye lami yenyewe, kilomita kwa kilomita harufu tupu. Ni kitu kizuri cha kumwambia mgeni, lakini mwambie pia asipitishe tairi juu ya karafuu za watu, na atarajie kwamba pembeni aliyoizoea kupita haipo, atasogea katikati ambako gari zinapita. Hiyo nayo ni taarifa ya ramani.

Kanuni moja ya OpenStreetMap naipenda: unachora kilichopo. Njia iliyopendekezwa kwenye mkutano, hata kama wakubwa wamepiga makofi, unaiandika kuwa ni pendekezo, huichori ikaonekana kama ipo, mana kuna mtu atatua uwanja wa ndege na simu yake akaifuata.

Vibao

Chukua Kitogani. Unatoka mjini, umepita matuta ya Jozani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju (mpanda baskeli naye anawashukuru hao kima, ndo mahali gari zinapunguza mwendo kweli), unafika kwenye njia ya kugawanyika, mbele Paje, kulia Muyuni na Kizimkazi. Mtu anayekwenda Kizimkazi kuuona ule msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107 anahitaji vibao vitatu hapo, si kimoja. Cha kwanza kabla ya njia panda, ili ajue kona inakuja na aangalie nyuma kama kuna gari. Cha pili pale pale kwenye kona. Na cha tatu mbele kidogo baada ya kukata, cha kumwambia ndipo, umepata. Hicho cha tatu ndo kinachoachwa siku zote kwa kubana pesa, na ndo kinachomfanya mtu aliyekwenda sawasawa asimame, atoe simu, ajitilie shaka, arudi.

Kwengine kote ambako hakuna kona huhitaji kibao, au kimoja kwa masafa marefu cha kumtuliza mtu roho. Makosa ya watu wengi ni kuvitia vibao barabara iliyonyooka kwa sababu vinaonekana na vinapendeza kwenye picha, halafu njia panda ikabaki tupu.

Viwe vya pande zote mbili pia. Wapangaji wanapenda kudhani kila mtu ataanza mjini na kuzunguka upande mmoja. Lakini sisi ni watu wa pepo. Kusi likishika katikati ya mwaka, mtu mwenye akili atatoka Makunduchi aende juu upepo ukimsukuma mgongoni, kaskazi la Disemba mpaka Machi atafanya kinyume chake. Manahodha wamelijua hilo karne na karne, mpanda baskeli akilisahau atapambana na upepo wa usoni siku nzima halafu aseme Zanzibar ngumu. Kibao kilichoandikwa upande mmoja kinamwacha nusu ya mwaka.

Kibao cha njia hakimpi mpanda baskeli haki mpya yoyote, hili nalo watu wanabishana bure. Vibao vya barabarani viko vya kuonya, vya kuamrisha na vya kuelekeza, hiki ni cha kuelekeza tu, hakimzuii mtu wa gari kupita, hakimkatazi mchungaji ng'ombe wake, hakiifanyi barabara ya kijiji kuwa mali ya watalii. Ukiona mtu anakataa kibao kwa sababu anahofia barabara itafungwa, mfahamishe taratibu, hofu yake inaeleweka.

Kuna namna nyengine kabisa ya kuweka alama, na kwa Pemba yenye vinjia chungu nzima mimi naiona inafaa zaidi. Ubelgiji, mkoa wa Limburg, miaka ya tisini mhandisi wa migodi anayeitwa Hugo Bollen alichukua mtindo wa kwenye migodi ya makaa ambako njia panda za chini ya ardhi zilikuwa na namba, akauleta juu kwa baskeli. Badala ya kuipa namba njia, unaipa namba kila njia panda. Mtu anaandika kwenye kikaratasi, au kwenye mkono, 12, 15, 31, 30, anazifuata, akichoka anakata anarudi kwa namba nyengine. Uholanzi wakaudaka na sasa umeenea nchi nzima. Ukiwa na mfumo huo huhitaji kubishana kama njia ya Chake mpaka Wete ipite barabara mpya au ile ya zamani inayopinda-pinda, zote zina njia panda, zote zina namba, mtu achague.

Na wizi? Kila ukitaja vibao mtu atasema vyuma vitaishia kwa wanunuzi wa chakavu. Kweli inatokea. Lakini alama si lazima iwe bati. Hispania, kwenye njia ya Santiago ambayo watu wanaipita kwa miguu na kwa baskeli, padri wa O Cebreiro, Elías Valiña, mwaka 1984 alianza kupaka mishale ya manjano njiani kwa rangi iliyobaki kwenye kazi za barabara. Mshale ule leo ndo alama ya njia ile dunia nzima. Rangi kwenye nguzo au kwenye ukingo wa daraja haibebeki, ikififia inapakwa tena, na kijana mmoja wa shehia akiwa na kopo na karatasi iliyokatwa umbo anamaliza kipande chake asubuhi moja. Ruhusa tu iwepo.

Ruhusa hiyo iko wapi? Barabara ina mwenyewe. Kubwa ziko chini ya Wakala wa Barabara, ndogo ziko na mabaraza na halmashauri, ukiingia msitu wa Jozani au Ngezi unakutana na watu wa misitu, na kila unapopita kuna sheha. Barua ya wizara bila sheha kukaa na watu wake ni kutafuta kibao kikang'olewe usiku. Sheha ndo anayejua njia ipi inazama masika, wapi pana mgogoro wa kiwanja, na wapi watu hawatapenda wageni wapite mbele ya uwanja wao. Muulize kabla, atakuhamishia njia mita mia mbili na kila mtu aridhike.

Tangazo

Huyu bwana wa nyumba ya wageni simlaumu, kitanda kinataka mtu. Lakini tangazo ndo kitu rahisi kuliko vyote na ndo linalotangulizwa, siku moja unapiga picha, unatoa jina tamu, umemaliza. Scotland mwaka 2015 walitangaza North Coast 500, mzunguko wa maili 500 hivi kaskazini, ule ni wa magari si baskeli lakini kisa ni hicho hicho: barabara zote zilikuwepo tokea zamani, kilichoongezwa ni jina na ramani na matangazo. Watu walikuja kweli kweli. Wenyeji wa vijiji wakabaki kulalamika, barabara nyembamba zimejaa, magari ya kulalia yanaegeshwa ovyo, vyoo hamna. Jina lilitangulia, vyoo vikafuata kwa kuchechemea.

Na njia ikishatangazwa kuifuta ni aibu. Uingereza mtandao wao wa taifa wa baskeli ulianza kukua kwa kasi miaka ya tisini kwa pesa za bahati nasibu, shirika la Sustrans ndo lililokuwa likiusimamia, namba zikabandikwa kila pahala. Mwaka 2020 wakaketi wakaondoa au kushusha hadhi karibu robo ya mtandao mzima, mana vipande hivyo vilikuwa kwenye barabara zenye magari mengi, havimfai mtu na mtoto wake. Mimi nawapa heshima kwa hilo, wengi wangeviacha vibao vikaoza. Kwetu barabara zinapanuliwa na kuwekwa lami kila upande siku hizi, na lami mpya maana yake mwendo mpya, barabara iliyokuwa ya kupanda baskeli miaka michache nyuma leo Coaster inapita inakuvua kofia. Njia ikichaguliwa mwaka huu itabidi iangaliwe upya, si kila mwaka ila mara kwa mara, na huyo wa kuiangalia awe na jina na bajeti ya rangi.

Tangazo zuri kwa kweli ni lile la chini chini. Ujerumani chama cha wapanda baskeli, ADFC, tokea 1995 kina kitu kinaitwa Bett+Bike, nyumba ya wageni inakubali masharti, pahala pa kufungia baskeli, pa kuanikia nguo zilizorowa, vifaa vya matengenezo madogo, inapewa alama ya mlangoni. Ufaransa wana Accueil Vélo, na sharti lao moja la malazi ni kuwa ndani ya kilomita 5 za njia. Hizo ndo taarifa ambazo mtu mwenye baskeli anazitafuta, wapi nitalala na baskeli yangu haitalala nje. Kwetu ongeza moja ambayo hakuna Mjerumani atakayeikumbuka: Ramadhani. Mikahawa mingi ya shamba inafungwa mchana, na mgeni anayepita Donge saa sita bila chakula wala adabu ya kula barabarani atajikuta pabaya. Ramani iseme mapema, abebe chakula chake, atafute faragha, na ajue magharibi ikifika atakaribishwa futari mpaka ashindwe.

Sasa wale wanaosema ni mambo ya watalii tu. Nusu yao wana haki. Mchuuzi wa samaki anayetoka Chwaka alfajiri na tenga nyuma hahitaji kibao cha kumwambia mjini ni wapi. Anachohitaji yeye ni gari kupunguza mwendo, pembeni ya lami isiyomegeka, na dereva anayetarajia kukutana na baskeli. Vibao vya njia vinamsaidia kwa kiasi kidogo, dereva anayeona alama ya baskeli kila baada ya masafa anakumbuka kwamba hayuko peke yake, lakini tusimdanganye mchuuzi kwamba njia ya namba ndo barabara salama aliyoiomba. Hayo ni madai mawili na la kwake ni la haki zaidi. Ila mgeni si lazima awe mzungu. Mtu wa Fuoni akipelekwa Pemba akaachwa Konde na baskeli anapotea sawasawa na mtu wa Berlin, nusu ya Unguja haijawahi kuiona pwani ya Vumawimbi wala mnara wa taa wa Kigomasha, na wengine wana baskeli nzuri ndani inakula vumbi.

Imebaki ya feri, mana kila anayechora njia ya Zanzibar anataka aunganishe visiwa viwili kwa mstari mmoja. Inapendeza kwenye karatasi. Kuna njia ya kuzunguka Bahari ya Kaskazini, EuroVelo 12, ilifunguliwa 2001 ikiwa na kilomita kama 6,000 na ikitegemea feri kuvuka. Mwaka 2008 feri ya Newcastle na Bergen ikasitishwa, mwaka 2014 ikafuata ya Harwich na Esbjerg, mzunguko ukakatika na waliobaki na vibao hawakuwa na la kufanya. Boti zetu nazo zinabadilisha ratiba, na baskeli kupakiwa ni maelewano ya siku ile na nafasi iliyopo. Kwa hiyo Unguja iwe na namba yake inayojitosheleza, Pemba iwe na yake, boti ikiwepo ni faida. Ya Pemba ianze pale bandarini Mkoani unaposhuka, kibao cha kwanza kiwe nje ya geti kabla ya kilima, na ya Unguja kama pesa ni za vibao vichache tu vianzie Kitogani, Paje, Mahonda na Kinyasini, hizo ndo njia panda zinazopoteza watu.